Nia ya Kurudi

Kutoka Mwandiga hadi Manyovu, mpakani na Burundi, ni kama kilomita 60. Ukivuka, Kiha chako kinaelewana na Kirundi, na wenyeji hawakudai ushahidi kwamba utarudi kwenu.

Viza ya masomo ya Marekani ni habari nyingine. Sheria yao ya 1952 inamtaka mwanafunzi awe na makazi nje ya nchi hiyo, ambayo hana nia ya kuyaacha. Nia! Hati ya kiwanja utaiweka mezani, barua ya mwajiri pia. Nia utaitia kwenye bahasha gani? Na hadi 2025, ulipoombea njiani, tuseme Nairobi, afisa wa kule angeijuaje Kigoma yako?

Wengi husema, we jaza tu, ni fomu. Siafiki. Anayejua leo kwamba harudi, akaandika atarudi, kadanganya, hata kama swali lenyewe ni la kionevu. Ila aliyekusudia kurudi kwa dhati, kisha miaka minne ikambadilisha (kazi, mchumba, mambo ni mengi), huyo hakudanganya mtu.

Uonevu ninaouona uko kwenye ushahidi. Mpangaji wa chumba kimoja Mwandiga huonekana hana kinachomvuta nyumbani. Mwenye nyumba tatu anaaminika, na ndiye anayeweza kuziuza kwa simu.