Ng'ombe wa Huko na Kuku wa Hapa

Swali ninalotaka tulifikirie pamoja, ndugu zangu wa Nyarugusu na ninyi mnaotuhudumia, ni hili: mtu anayengoja kuondoka, ana haki ya kufuga? Na yule anayeota kufuga huko aendako, ndoto hiyo ni yake mwenyewe, ama ni mzigo atakaowabebesha watoto?

Nauliza kwa sababu kila familia yenye kesi ya kuhamia nchi ya tatu ina ndoto yake. Kuna wanaoota gari, kuna wanaoota chuo. Nyumbani kwangu tunaota mifugo. Baba watoto amekwisha kuwahesabu ng'ombe wake: ishirini, wa maziwa, kwenye shamba lenye uzio, huko Marekani. Mimi nimetaka mbuzi kumi tu. Mtoto wetu wa mwisho amejichagulia bata. Jioni, mgao ukiwa umekwisha, tunaongea habari za maziwa na siagi kama watu walioshiba.

Sisi ni watu wa Fizi, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Tulivuka ziwa kama walivyovuka wengine tangu 1996, mwaka kambi hii ilipofunguliwa. Watoto wetu wote wanne wamezaliwa hapa. Kwao ng'ombe ni kitu cha nje ya kambi, cha wenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka uwe na kibali ukitoka kambini, na mbuzi anayetafuta majani hajui kibali. Ndiyo maana wengi wetu tunaishia kwenye kuku, bata na sungura, wale wanaofugika nyuma ya nyumba.

Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniuliza kwa upole: "Mama, huko nyama si ipo dukani, ya nini kuhangaika?" Ni swali zuri. Mdogo wangu wa kiume alitangulia Marekani, na kazi aliyoipata ni kwenye kiwanda cha kuku. Kule kuna kanuni ya mwaka 2014 inayoruhusu mstari mmoja wa machinjio kupitisha mpaka kuku 140 kwa dakika. Ananiambia kwenye simu: "Yaya, zamu moja tu naona kuku wengi kuliko waliowahi kupita kijijini kwetu tangu enzi za babu." Nyama anakula kila siku akitaka. Lakini kila akipiga simu, kabla hata hajauliza habari za magonjwa, anauliza: yule wa madoadoa ameatamia?

Kwa hiyo hamu yetu haimaliziki kwa nyama. Katika kuku wote wale wanaompita kwa zamu, hakuna hata mmoja anayemngoja yeye asubuhi. Mfugo ni kiumbe kinachokungoja. Sisi hapa kambini tumezoea kungoja: foleni ya maji, foleni ya mgao, majina kwenye ubao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu imevuta karibu miaka thelathini, na jembe halijafika. Nikifungua kibanda changu alfajiri, viumbe saba wananitaka mimi, tena wanapiga kelele. Asiyewahi kukaa miaka bila kuhitajiwa na mtu atadhani hilo ni jambo dogo.

Kuna na la pili. Mwenye mfugo ni mtu anayeweza kutoa. Kwetu mgeni huchinjiwa, hata kama ni kuku mmoja uliyekuwa naye. Kijana akitaka kuoa, mbuzi wanahesabiwa. Majirani zetu wa Rwanda walianzisha mwaka 2006 mpango wa Girinka: familia maskini inapewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza inampa jirani mwingine asiyekuwa naye. Aliyepokea jana, kesho anapokelewa kwa heshima zizini kwa mwenzake. Sisi mkono wetu umenyooshwa kupokea muda mrefu, mpaka unaweza kusahau njia ile nyingine. Ng'ombe ishirini wa baba watoto, nikiwatazama vizuri, ni wa kutoa: huyu wa mahari ya kijana, huyu wa shangazi, huyu wa kanisa. Sijasikia hata mmoja aliyepangwa kuuzwa.

Mpaka hapo niko upande wa ndoto. Lakini mtoto wetu wa kwanza, ana miaka kumi na saba, alisema jioni moja: "Mimi sitachunga. Nataka kusomea umeme." Baba yake alikasirika, akamwambia hajui utamu wa maziwa. Mimi naona kijana ana haki. Kila ng'ombe anayetajwa mdomoni mwa mzee ana mtoto nyuma yake, ameshika fimbo. Na wanaokwenda kule wanakwenda na deni: tiketi ya ndege ni mkopo, familia inaulipa ikishafika na kuanza kazi. Watoto ndio watakaojua lugha kwanza, ndio watakaotusomea barua na kutupeleka hospitali. Juu ya hayo yote tuwaongezee na ng'ombe wa baba?

Kipimo changu ni hiki: ndoto ya kufuga ni halali ikiwa mwenye kuiota ndiye atakayebeba ndoo ya maji. Mtoto anaweza kusaidia kwa mapenzi yake. Kumrithisha kazi asiyoichagua, ili mzee ajione bado ni mtu wa zamani, hiyo siiti ndoto.

Wengine watasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Kule ni kweli kabisa: miji mingi inaruhusu kuku wachache wa mayai, lakini jogoo inamkataza kwa sababu ya kelele. Ukipangiwa nyumba ya ghorofa, zizi utaliweka wapi? Hata hivyo kufuga si wazimu. Huko Colchester, jimbo la Vermont, kuna shamba linaitwa Pine Island Community Farm, ambako wakimbizi kutoka Asia na Afrika wamefuga mbuzi na kuku, na wateja wao ni watu kama sisi wanaotaka kumchagua mnyama wakiwa wanamwona. Lakini wanafuga kwenye nchi ya theluji, ambako wakati wa baridi majani hayapo na mbuzi analishwa nyasi kavu kila siku. Mwenye ndoto aihesabu na theluji pia.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kwanza, ambalo ndilo linaloumiza hapa kambini. Kesi ikishafunguliwa, neno linaloingia nyumbani ni "tusianze kitu". Usipande mwembe, tunaondoka. Usizibe paa, tunaondoka. Usimwekee kuku mayai, tunaondoka. Kesi yetu ilifunguliwa 2017, na tangu mahojiano ya kwanza baba watoto ananiambia niuze kuku. Sikukubali. Yai linaanguliwa kwa siku 21. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, ng'ombe miezi tisa. Mnyama ana hesabu yake na anaitimiza. Kesi haina hesabu. Mwaka 2023, mgao uliposhuka mpaka nusu, mayai ndiyo yaliyotununulia chumvi, sabuni na madaftari.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamefunga mabegi walibaki wamekaa juu ya mabegi. Kuna waliokuwa wamekwisha kugawa masufuria, magodoro na kuku. Asiwacheke mtu. Walifanya kile ambacho yeyote mwenye tarehe ya safari angefanya. Ila tukio lile linatufundisha kwamba haki ya kutunza kitu haitoki kwenye kesi, na kesi ikisimama haiondoki.

Lakini kuna neno la haki upande wa pili pia, nisilifiche. Ni vyema kuanzisha uhai ambao unajua utauacha? Kuku akiachwa si kama sufuria. Jibu nimelipata kwenye desturi yetu ya zamani, ile ya kumpa jirani kuku jike amtunze, na vifaranga wakipatikana mnagawana. Wawili wangu wako kwa jirani yangu Mrundi, na mmoja wake yuko kwangu. Tukiitwa kesho, kuku wangu wana mtu anayewajua. Tusipoitwa, tuna vifaranga. Anayengoja kuondoka ana haki ya kufuga, mradi afuge pamoja na anayebaki.

Ninyi wa mashirika, mkituuliza tutafanya nini huko na sisi tukajibu "ng'ombe", msitabasamu tu mkaandika "kilimo" kwenye fomu. Tuulizeni: nani atawanywesha maji? Hapo mtamjua mwenye ndoto na mwenye kuwabebesha wengine. Na sisi wazazi tujiulize vilevile, tena mbele ya watoto, wasikie jibu.

Baba watoto bado ana ishirini wake, na mimi simpunguzii hata mmoja. Nimemwomba kitu kimoja: kabla ya kuwahesabu, alfajiri awafungulie kuku.