Je, Mlevi Anaweza Kutubu?

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika baraza la wazee lililomzuia ndugu mmoja kushiriki Meza ya Bwana. Kosa lake lilikuwa ulevi. Alikuwa ametubu mbele yetu mara tatu, kwa machozi, na mara tatu alirudi kwenye gongo kabla ya mwezi kwisha. Mzee mmoja akasema, "Huyu anatuchezea." Nami niliinua mkono kukubali.

Tangu siku ile swali moja halijaniacha. Alikuwa akitudanganya, au alitubu kweli na kushindwa kweli?

Nimelikuta swali hilo katika kazi ya daktari Nora Volkow, mzaliwa wa Mexico, ambaye mwaka 2003 alianza kuongoza taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza dawa za kulevya. Kabla ya hapo, katika maabara ya Brookhaven, New York, alipiga picha za ubongo wa watu waliotawaliwa na kokeini. Ubongo una dopamini, kemikali inayomsukuma mtu kutafuta anachokitamani: chakula, mwenzi, sifa. Nayo haifanyi kazi mpaka ipokelewe, kama mgeni anayebisha hodi akingoja mlango ufunguliwe. Milango hiyo ndiyo vipokezi. Volkow aliona kwamba kwa watu wale vipokezi vya aina ya D2 vilikuwa vichache kuliko kwa wengine, na miezi 3 baada ya kuacha, bado vilikuwa vichache. Upungufu kama huo ulionekana pia kwa walevi wa pombe. Tena kwa wale wa kokeini, vilipopungua zaidi, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotusaidia kupima jambo na kujizuia, nayo ilifanya kazi kwa unyonge.

Miezi 3! Sisi tulimhukumu kwa mwezi mmoja.

Wapo watakaosema: basi mlevi hana dhambi, ni mgonjwa tu. Sikubaliani nao. Mwulize mkewe, aliyeficha karo ya watoto ndani ya gunia la mahindi, na bado ikaonekana. Wala yule ndugu hakuwahi kujitetea hivyo. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 7, analia kwamba analitenda lile analolichukia, lakini hamtafuti mwingine wa kulaumiwa. Kumwambia mtu kwamba hana hatia yoyote ni karibu sawa na kumwambia hayupo.

Kilichonichoma zaidi ni utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2002 na Michael Nader na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani. Waliwapima kima waliofugwa kila mmoja peke yake, kisha wakawaweka katika makundi. Kwa wale waliopata nafasi ya juu kundini, vipokezi vya D2 viliongezeka. Kwa wanyonge havikuongezeka. Walipopewa nafasi ya kujipatia kokeini, wanyonge ndio waliovutwa nayo zaidi.

Kima si washarika, na ubabe wao si upendo. Hata hivyo, nafasi ya kiumbe kati ya wenzake iligusa hata milango ya ubongo wake. Na sisi tulimfanyia nini ndugu yetu? Tulimhamishia benchi la nyuma, karibu na mlango, tukamwambia arudi mbele akishapona.

Mchungaji mmoja rafiki yangu aliniuliza, "Ukimpokea kila anapoanguka, vijana watajifunza nini?" Ni swali zito, na nidhamu ya kanisa haikuwekwa bure. Lakini naona tulidai asichokuwa nacho, nguvu ya kushinda peke yake, tukasahau kudai alichoweza: mshahara uende moja kwa moja kwa mkewe, na asiipite peke yake ile njia ya vilabu.

Mwaka uliofuata nilimwendea, nikamwambia mkono wangu ulikuwa mmojawapo. Akasema anajua, alikuwa ameihesabu. Tukanywa chai. Siku hizi kila mwisho wa mwezi nampitia kazini, tunarudi pamoja kwa njia ya juu, ambayo ni ndefu na ina vumbi. Amewahi kuanguka mara mbili tangu hapo.