Kima cha Chini cha Ukurasa

Tarehe 4 Desemba 1995, kampuni za Netscape na Sun zilitangaza lugha mpya ya kompyuta, JavaScript. Siku tano baadaye, Profesa Henry Odera Oruka, mwana wa Siaya na mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliaga dunia. Oruka alishikilia kwamba kila binadamu ana haki ya kima cha chini: riziki, afya na usalama wa mwili. Asiyekuwa na hivyo hawezi kuzifaidi haki nyingine, na wajibu wa kumtimizia haukomi mpakani.

Vijana wanaojifunza kuunda tovuti jijini Kisumu wangefaa kuanza na hoja hiyo.

Fremuwaki za JavaScript kama React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, hurahisisha kazi kwelikweli. Lakini mara nyingi seva hutuma ukurasa mtupu na furushi la programu, kisha simu ya msomaji ndiyo inayojenga kilichobaki. React-DOM pekee, hata ikibanwa, huzidi kilobaiti 40, na maktaba nyingine hufuata. Bando ni la muuza samaki wa ufuo wa Dunga. Betri pia ni yake. Aliyemtwika mzigo huo hakumwomba ruhusa. Hapo suala si la ufundi tena, ni la haki.

Wapo wanaosema simu zitaboreka. Huenda, ila Oruka hakumwambia mwenye njaa asubiri uchumi ukue.

Mwaka 2017, wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls walibuni I-Cut, programu ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Kwa binti anayekimbia kisu, kitufe cha kuomba msaada ndicho kima cha chini; mapambo yote yaje baadaye.

Njia za kuupunguza mzigo zipo. Fremuwaki ya Astro haitumi JavaScript kwa msomaji mpaka mtengenezaji aiombe. React 19, ya Desemba 2024, huruhusu sehemu za ukurasa kuandaliwa kwenye seva. Na orodha ya bei za samaki haihitaji fremuwaki hata kidogo.

Kuna pia wanafunzi wasioona wa shule ya Kibos, nje kidogo ya jiji. Kitufe kilichoundwa kwa elementi ya div na kupakwa rangi, kisoma skrini hukitamka kama maandishi tu, na msikilizaji hukipita bila kujua kwamba kinabonyezwa. Elementi ya button imo katika HTML tangu 1997, haina gharama. Ifundishwe wiki ya kwanza, kabla ya React.