Mtu Asiyevuja

Babu alipofariki, familia ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake. Ati mimi ndiye nimesoma. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hapa Mulot Kiingereza changu bado kina heshima kwenye matanga.

Shangazi akaketi kando yangu. "Usisahau kuandika alikuwa 'staunch'."

Neno hilo unalijua. Kwenye mazishi marehemu ni 'staunch Christian', na wanasiasa nao wana 'staunch supporters'. Kwa Kiswahili tungesema imara, thabiti, au kindakindaki: mtu ambaye imani yake haitikisiki. Lakini hebu angalia vile tunavyoligawa. Aliye upande wetu ni 'staunch'. Wa upande ule, mwenye ugumu uleule, ni 'stubborn'. Kiswahili pia hakijapona: sisi tuna msimamo thabiti, wao wana itikadi kali. Kinachopimwa hapo si ugumu wa imani. Ni kama tunaipenda.

Nikatafuta asili yake. Limetoka Kifaransa cha kale, na zamani lilimaanisha kisichopitisha maji. Meli ilikuwa 'staunch' kama haivuji. Nikawaza, basi huyo ni babu. Hakuna kilichompenya, isipokuwa mara moja.

Babu aliamini kwamba msichana ambaye hajatahiriwa hawezi kuwa mtu mzima. Binti zake wote walikatwa, likizo za Desemba, kwa baraka zake. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipopitishwa 2011, alisema hiyo ni sheria ya Nairobi. Desemba iliyofuata ikawa zamu yangu. Nililia usiku mzima jikoni. Asubuhi babu alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, akawaambia waliokuja kunichukua: "Huyu hapana." Hakueleza kitu, siku hiyo wala baadaye.

Sasa, mtu kama huyo ni 'staunch'? Ukifuata maana ya matangani, babu alivuja.

Lakini fikiria mafundi wa majahazi kule Lamu. Chombo cha mbao hakikai bila kuvuja kwa sababu hakijaguswa. Hupandishwa pwani, mianya kati ya mbao inatafutwa, inazibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo inaitwa kalafati. Nahodha akijigamba kwamba chombo chake hakijawahi kukaguliwa, wewe usipande. Na imani ni hivyo hivyo. Ile ambayo haijakaguliwa hatujui kama ni imara. Tunajua tu ni ya zamani. Nadhani babu alitaka kulinda watoto wake tangu mwanzo. Asubuhi ile aliona mwanya.

Nikaandika: "Alikuwa na imani thabiti, na siku moja aliikagua." Nikamsomea shangazi. Alikuwa anamenya viazi, akaacha.

"Andika tu, ni kweli," akasema. "Lakini mimi ndiye nilikuwa kifungua mimba wake. Mbona hakukagua kwangu?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Wasifu ulichapishwa bila 'staunch'. Neno lenyewe halina makosa. Makosa ni yetu, tunaolitoa kama zawadi kwa kila aliyekuwa mgumu, bila kuuliza ni nani aliyelipia ugumu wake.