Sura ya Kuazima

Je, mtu avaaye sura isiyo yake husema uongo? Swali hili ni kongwe kama vinyago, lakini siku hizi limepata mahali papya pa kukaa, napo ni chumba cha mpiga picha.

Na achukuliwe mfano wa mtu mmoja katika studio ya kukodi mjini Tokyo. Amekuja asubuhi na sanduku. Ndani yake mna nywele za bandia, upanga wa mbao nyepesi, joho, na kofia yenye unyoya, vitu alivyovishona na kuvichonga usiku, baada ya kazi, kwa miezi kadhaa. Nyusi zake amezifunika kwa gundi na kuchora nyingine. Taya amelitia kivuli kwa poda hata haijulikani kama ni la mwanamume au la mwanamke. Anapoketi mbele ya taa, yeye ni Sapphire. Kiswahili humwita "yeye" kikatosheka, maana lugha hii haiulizi jinsia ya mtu ndipo imtaje. Na msomaji amefika hapa bila ya kuambiwa jinsia ya mtu huyu wala hakupungukiwa na kitu.

Sapphire ni mtu wa hadithi ya michoro iitwayo Ribbon no Kishi, ambayo Osamu Tezuka alianza kuichapisha Japani mwaka 1953. Kabla ya kuzaliwa alipewa mioyo miwili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Akazaliwa binti, lakini kwa kuwa sheria ya nchi yake ilimpa kiti cha enzi mtoto wa kiume peke yake, alilelewa kama mwana wa mfalme. Tezuka mwenyewe alikulia Takarazuka, mji wenye kundi la maigizo lililoanzishwa 1913, ambamo wanawake watupu hucheza sehemu zote, za kike na za kiume. Katika kabuki mambo yalikwenda kinyume: wanawake walipokatazwa kupanda jukwaani 1629, sehemu za kike zilishikwa na wanaume, na wako waliotumia umri wao wote kujifunza mwendo wa mwanamke. Basi wasemao kuwa mchezo huu ni uchafu wa kizazi cha leo wana kumbukumbu fupi. Kilicho kipya ni jina, kosupure, lililotungwa na Nobuyuki Takahashi na kuchapwa 1983.

Neno haliwi uongo kwa kutofautiana na kweli tu. Sharti awepo wa kudanganywa. Sapphire wa hadithi alidanganya taifa zima, na lawama ya udanganyifu ule ni ya sheria iliyomlazimisha kuliko yake. Lakini avaaye mavazi ya Sapphire hamdanganyi mtu. Mpiga picha anajua, mtazamaji anajua, na mipaka ya mchezo huwekwa wazi: katika Comiket, soko kubwa la vitabu la Tokyo lililoanza 1975, wavaaji hukatazwa kuja au kurudi kwao na mavazi hayo mwilini; hubadili pale pale. Methali ya kuwa nguo ya kuazima haisitiri haimpati mtu huyu, kwani hakuivaa ajisitiri. Aliivaa aonekane.

Jumatatu atavaa suti ya rangi ya majivu na tabasamu la kumridhisha mkuu wake. Vazi hilo nalo lilichaguliwa na nani? Adaiye kuwa uso wa ofisini ni wa kweli na ule wa studio ni wa uongo ana kazi ya kuthibitisha. Yamkini zote mbili ni nyuso za kuazima, ila mmoja uliazimwa kwa hiari.

Taksiri ipo, lakini haipo pale ilipotafutwa. Yaja baada ya taa kuzimwa, picha zinapofunguliwa katika kompyuta. Hapo kiuno hupunguzwa, miguu hurefushwa, ngozi husafishwa hata vinyweleo vikatoweka. Mtazamaji alijua kuwa upanga ni wa mbao. Hakujua kuwa kiuno ni cha mashine. Sifa anayomtolea mshonaji huangukia kitu kisichoshonwa. Na kijana aupimaye mwili wake kwa mwili ule hujichukia kwa kukosa kitu ambacho hata mwenye picha hana. Ajabu ni kwamba watu hukasirikia jinsia iliyofichwa hadharani, wakanyamazia kiuno kilichoibwa kwa siri.

Wako wajibuo kuwa Sapphire ni mchoro, na mchoro hauna kiuno cha kweli. Basi kompyuta huendeleza tu kazi iliyoanzwa na sindano. Hoja hii si nyepesi. Ingetosha kabisa kama mtazamaji angeambiwa sindano ilikoma wapi.

Mpiga picha amekuza uso kwenye kioo. Chini ya sikio la kushoto pana alama ndogo ya kuzaliwa ambayo Sapphire hanayo. Auliza kama ifutwe. Mtu yule, nywele za bandia zimekwisha vuliwa na gundi ingali kwenye nyusi, atazama kwa muda mrefu. Asema alama iachwe. Kiuno akubali kipunguzwe, kidogo.