Tembe Ndani ya Ini

Simba ana homa ya kupe. Daktari wa mifugo alimwandikia doksisaiklini, siku 28. Jioni ya kwanza nilificha tembe ndani ya kipande cha ini, akameza bila swali. Nikajiona mjanja. Siku ya tatu ini liliisha, tembe ikabaki sakafuni, safi kabisa. Siku ya tano hata chapati mkononi mwangu aliinusa, akanitazama, akaenda zake.

Mwaka 1797 Kant aliandika kwamba uongo ni kosa hata ukimdanganya muuaji anayemsaka rafiki yako. Siku zote nilimwona mzee mkali asiyejua maisha. Lakini Simba naye hakujali nia yangu njema. Alijua tu kwamba mkono unaomlisha sasa una kitu.

Basi nikaacha ujanja. Nilimwonyesha tembe, nikamfungua mdomo, nikaiweka nyuma kabisa ya ulimi, nikaufunga, nikampapasa koo mpaka akameza. Kisha maji, maana dawa hiyo ikikwama huchoma koo. Alichukia, manze! Ila jioni hiyo hiyo alichukua chapati bila kuinusa.

Sisemi nilimheshimu. Hakukubali, na hawezi kukubali. Lakini sasa anajua saa ya kuogopa na saa ya kula kwa amani. Uongo ulikuwa umemnyang'anya zote mbili.

Nyumbani tuliwahi kumficha shosho majibu ya hospitali, eti kwa faida yake. Siku hizi tukimwambia ni homa tu, anatutazama vile Simba alivyoitazama chapati.