Aliyeshindwa Anadaiwa Nini?



Kila mara uchaguzi unapokaribia katika inchi yetu, watu wa huku Masisi hawaulizi sana nani atashinda. Wanauliza: yule atakayeshindwa, atakubali? Mama anang'oa maharagi mbele hayajakauka vizuri. Mwenye duka anaacha kwenda Goma kuchukua bidhaa, anasema angoje kwanza matokeo. Mwenye ng'ombe anatazama njia. Hakuna aliyewaambia kufanya hivyo. Ni miaka iliyowafundisha. Toka Muheto mpaka Kinshasa ni mbali sana, lakini neno moja linalosemwa kule usiku linaweza kufika huku asubuhi na kuondoa watu mashambani.

Basi tuulize pamoja, bila haraka. Mkubwa aliyeshindwa, au aliyeambiwa kwamba ameshindwa, anatudai nini na sisi tunamdai nini? Je, anapashwa kukubali hata kama anajua moyoni mwake kwamba ameibiwa?

Neno "kukubali" tunalitumia kana kwamba ni jambo moja, lakini ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni kukiri, maana yake kusema kwa kinywa: ndiyo, mwenzangu amepata kura nyingi kunipita. La pili ni kuachia, maana yake kuondoa mkono kwenye kiti, au kuacha kukitafuta kwa nguvu. Kukiri ni jambo la ukweli. Kuachia ni jambo la uhai wa watu wengine. Mara nyingi hayo mawili yanakwenda pamoja, lakini si lazima yaende pamoja, na mabishano yetu mengi yanatoka kwa kuyachanganya.

Tazama Angola, jirani yetu. Mwezi wa 9 mwaka 1992 watu walichagua rais, mara ya kwanza tangu uhuru wao. José Eduardo dos Santos alipata karibu asilimia 50, Jonas Savimbi asilimia 40. Kwa kuwa hakuna aliyepita nusu, ilipashwa kufanyika duru ya pili. Haikufanyika. Savimbi alisema ameibiwa, na kwa kuwa askari wake walikuwa bado na silaha, alirudi vitani. Ni kweli kwamba wafuasi wake wengi waliuawa katika mji wa Luanda siku zile, na hilo lisisahauliwe. Lakini vita ile, pamoja na vipindi vya mapatano yasiyodumu, iliendelea mpaka yeye mwenyewe alipouawa mwezi wa 2 mwaka 2002. Karibu miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura alikuwa amekwisha kuwa na umri wa kuchunga mbuzi.

Huko Côte d'Ivoire mambo yalikuwa kinyume, kwa maana aliyekataa ndiye aliyekuwa amekalia kiti. Baada ya kura ya mwezi wa 11 mwaka 2010 tume ya uchaguzi ilisema Alassane Ouattara ameshinda kwa asilimia 54. Baraza la Katiba likafuta kura za sehemu nyingi za kaskazini na kusema Laurent Gbagbo ndiye mshindi. Inchi moja ikawa na marais wawili walioapa. Watu karibu 3,000 walikufa mbele Gbagbo hajakamatwa, tarehe 11 mwezi wa 4 mwaka 2011.

Na kwetu? Mwaka 2006 Jean-Pierre Bemba alishindwa na Joseph Kabila katika duru ya pili, asilimia 42 kwa 58. Alilalamika kortini, akakataliwa, kisha akasema atafanya upinzani kwa njia ya sheria. Alikiri nusu-nusu, tuseme hivyo. Lakini walinzi wake wenye bunduki walikuwa bado Kinshasa, na mwezi wa 3 mwaka 2007 walipigana na askari wa serikali katikati ya mji. Watu mamia walikufa kwa siku mbili. Wengi wao hawakuwa walinzi wa mtu yeyote.

Sasa mumweke Martin Fayulu pembeni ya hao. Uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018 tunaukumbuka wote. Watu wa Beni na Butembo walinyimwa kura ya rais. Waliambiwa ni juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa wametuma watazamaji karibu 40,000, walisema wanamjua mshindi na kuiomba tume iseme ukweli. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2019 tume ya CENI ilitangaza Félix Tshisekedi asilimia 38.57, Fayulu asilimia 34.83. Maaskofu wakasema matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyakusanya. Fayulu alikwenda kwenye Korti ya Katiba, korti ikamkatalia. Tangu siku ile hakukiri kwamba ameshindwa. Aliendelea kusema yeye ndiye aliyechaguliwa. Lakini hakuchukua bunduki, wala hakutafuta mwenye bunduki wa kumpeleka kwenye kiti.

Wako waliomcheka, wakasema ni mtu wa maneno tu. Mimi simcheki. Alikataa kukiri kwa sababu aliona kwamba kukiri ni kusema uongo, na hakuna anayeweza kumlazimisha mtu kusema uongo kwa jina la amani. Lakini kiti alikiachia. Kama anatudai kitu, ni kura zihesabiwe vizuri. Kile sisi tulichomdai amekwisha kukilipa.

Mnakumbuka neno la mfalme Sulemani na wale wanawake wawili waliogombania mtoto. Mfalme alipoomba upanga, mama wa kweli aliomba mtoto apewe yule mwingine, mradi aishi. Tumelisikia mara nyingi, lakini sijui kama tumeliangalia vizuri. Mwanamke yule aliachia mtoto. Hakusema mtoto si wake. Aliuzuia upanga bila kuuzika ukweli, na ni kwa kuachia kule kwamba alijulikana.

Hapa inapashwa kusimama kidogo, kwa maana hadithi hii inatumiwa vibaya. Kila tunapoogopa fujo tunamkimbilia yule aliyenyang'anywa na kumwambia: wewe uwe mama mwema, achia. Hatumkimbilii yule mwingine. Na hatukumbuki kwamba mle ndani mlikuwa na mwamuzi mwenye macho, aliyerudisha mtoto mahali pake. Mwamuzi akiwa amenunuliwa, mambo yanageuka: mwenye huruma anarudi nyumbani mikono mitupu, na yule aliyekuwa tayari mtoto akatwe anajifunza kwamba njia yake ni nzuri. Uchaguzi utakaofuata atakuja tena na maneno yale yale ya upanga.

Kwa hiyo deni la kwanza si la aliyeshindwa. Ni la mwenye kuhesabu. Tulipopata mabadiliko ya rais tarehe 24 mwezi wa kwanza mwaka 2019, watu wengi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru: ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa mwaka 1960 rais kumpa mwingine kiti bila mapinduzi na bila risasi. Wengi walisema, heri rais wa hesabu mbaya kuliko vita ya hesabu nzuri. Neno hilo si la kijinga. Mtu aliyelala chini ya shitingi katika kambi ya Mungote, pale Kitshanga, ana haki ya kulisema. Lakini amani ya namna ile ni kama nyumba iliyoezekwa mbele ukuta haujasimama. Corneille Nangaa, aliyekuwa mkubwa wa CENI na kutangaza matokeo yale kwa kinywa chake, tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2023 alisimama Nairobi na kuanzisha muungano unaoitwa Alliance Fleuve Congo, na M23 ikawa ndani yake. Siku tano tu mbele ya uchaguzi mwingine. Sisemi vita ya M23 ilitoka katika makaratasi ya mwaka 2018. Vita hiyo ina mizizi mingi na ya zamani. Nasema tu kwamba mkono uliosoma hesabu na mkono ulioshika upande wa silaha ulikuwa mkono mmoja.

Kuna deni lingine ambalo hatulitaji sana, nalo ni la mshindi.

Juu ya nini wakubwa wanang'ang'ania kiti? Tunasema ni tamaa, na tamaa ipo. Lakini ipo pia hofu, na hofu hiyo si ya bure. Kenneth Kaunda wa Zambia alishindwa na Frederick Chiluba mwezi wa 10 mwaka 1991, kisha akatoka kwa amani baada ya kutawala miaka 27. Alikiri, akaachia, vyote viwili. Bara zima lilimsifu. Alilipwa nini? Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili asiweze kusimama tena, kwa sababu wazazi wake walitoka Malawi. Mwisho wa mwaka 1997 alifungwa. Mwaka 1999 jaji mmoja alisema hana uraia wa Zambia, mtu aliyekuwa rais wake wa kwanza! Hukumu ile iliondolewa baadaye, lakini wakubwa wengine wa Afrika walikuwa wamekwisha kuisikia. Nani kati yao hakujiuliza: kama Kaunda alifanyiwa hivyo, mimi nitafanyiwa nini?

Sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji kufundishwa neno hilo. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa watu wengi wa huku uraia, sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya, na ile ya mwaka 2004 ikafungua mlango tena. Wakati wa Konferansi ya Kitaifa, 1991 na 1992, inchi nzima iliposubiri uchaguzi, kule kwingine watu walihesabu vyama. Huku tulihesabiana sisi kwa sisi: nani atapiga kura, nani ni mgeni, nani wengi na nani wachache. Hakuna kura iliyopigwa. Lakini tarehe 20 mwezi wa 3 mwaka 1993 soko la Ntoto, katika Walikale, lilishambuliwa, na kwa siku chache vita ilienea Masisi. Maelfu walikufa. Uchaguzi ulituua mbele haujafika, kwa maana kila upande uliamini kwamba kushindwa ni kufukuzwa.

Hapo ndipo ninapoona shina la jambo. Katika chama cha wafugaji, rais akishindwa anatoa daftari na funguo za kasha, anarudi kukaa na wengine. Huenda ananung'unika njiani. Lakini haendi kutafuta vijana wa kupiga watu. Si kwa kuwa yeye ni mtakatifu kuliko Savimbi. Ni kwa kuwa kesho maziwa yake yatapokelewa kwa bei ile ile, shamba lake litakuwa lake, na hakuna atakayemuuliza babu yake alizikwa kilima gani. Pale kushindwa kunapokuwa kushindwa tu, watu wanaweza kukuvumilia. Pale kunapokuwa kupoteza shamba, kazi, karatasi na uhai, unamwomba mtu akubali kitu ambacho wewe mwenyewe usingekikubali.

Wengine watasema: haya ni maneno ya wakubwa, sisi tufanye nini? Tuna vijana. Mkubwa aliyekataa matokeo hapigani peke yake. Anatuma mtu kwenye kilima kutafuta mtoto wa miaka 16 na kumwambia kwamba kabila lake limeibiwa. Mzazi anaweza kumuuliza yule mjumbe swali moja: watoto wa mkubwa wako wako wapi leo? Kama wako shuleni Ulaya, wa kwetu nao warudi shuleni.

Na tuna macho. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 inchi ilipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hazikupiga, kwa sababu ya vita. Hapakuwa na aliyeshinda kwetu wala aliyeshindwa, na bado tulikimbia. Siku kura itakaporudi, kumbukeni kwamba sheria inataka matokeo ya kila ofisi yabandikwe mahali palepale kura zilipohesabiwa, yakiwa na sahihi za mashahidi. Karatasi ile haidumu. Mvua ya huku inaimaliza kwa siku mbili. Anayejua kuandika ainakili asubuhi ile ile katika daftari la shule: tarehe, namba ya ofisi, hesabu ya kila mmoja. Watu wawili wa vyama vinavyopingana watie sahihi chini yake, na daftari likae kwa mtu ambaye hakugombea kitu.